Stoo ya Vifaa Visivyoua

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimebeba zege mpaka shingo imezama mabegani. Tunajenga stoo nyuma ya kituo cha polisi. Stoo ya vifaa ambavyo havipo. Mkuu wa kituo, Afande Mkubwa, ameomba wafadhili wampe ngao, risasi za mpira, pilipili ya kupuliza na mafunzo ya askari. Hawajajibu. Yeye tayari anajenga pa kuviweka. Anasema wakikuta stoo imesimama wataona aibu kuiacha tupu.

Alitueleza sisi vibarua sababu. Kituo kina vitu viwili tu, mdomo na bunduki. Katikati hamna kitu. Mwaka jana vibarua wa machimbo ya mawe walipogoma, mdomo ulichoka mapema. Mwenzetu mmoja alipigwa risasi ya goti. Sasa anauza soksi stendi, ameketi.

Nilimwuliza kama hivyo vifaa vipya haviui kabisa. Akasema kwenye maombi wameandika haviui kirahisi. Nikauliza tofauti ni ipi. Akaniambia nibebe zege.

Kubwa ni hili. Stoo itahitaji mtunzaji. Ajira ya kudumu. Na nyuma yake kuna chumba, nimekijenga kwa mikono yangu, dirisha moja, mlango unaofungika. Tangu nifike mji huu nalala kibandani na mifuko ya saruji. Mke wangu yuko kwetu, kwa mama yake, ambaye hunitaja kama mtu aliyepotea. Nikipata kile chumba, mke wangu anakuja.

Jumanne, 5 Machi

Mpinzani amejitokeza. Mlinzi wa geti. Tunamwita Funguo, kwa ajili ya lile rundo la funguo kiunoni. Milango yake ilishabomolewa zamani, lakini yeye anatembea akilia kama mbuzi mwenye kengele. Amemwambia Afande kwamba mtu asiyezoea funguo hawezi kutunza stoo. Mimi sina hata kufuli.

Jioni nikampigia mke wangu. Nilitaka kusema kuna matumaini. Mdomo ukateleza, nikasema nimepata. Akapiga kigelegele. Nikamsikia mama mkwe nyuma akiuliza nimepata ugonjwa gani.

Alhamisi, 7 Machi

Wafadhili wamejibu! Wanakuja Jumanne kukagua. Wanataka kuwaona askari wakifanya zoezi la kutuliza fujo. Kwa hiyo anatafutwa mfanya fujo. Askari wote wamekataa, kila mmoja anadai cheo chake hakimruhusu. Nikajitolea. Hesabu yangu iko hivi: wakiona fujo ya kweli, watatoa vifaa. Vifaa vikija, stoo inafunguliwa. Stoo ikifunguliwa, Afande atamkumbuka nani?

Funguo naye akajitolea. Mzee mzima. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa huruma, kama ndugu, kwamba ile pilipili ikikuingia machoni huoni mwezi mzima. Akauliza nimejuaje. Nikasema ilimpata binamu yangu. Sina binamu. Baada ya hapo Funguo akaenda kulalamika kwamba mgongo umemshika. Afande akampa kazi ya kupokea wageni. Kwisha habari yake.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi. Pilipili hatuna, ndiyo hiyo tunayoomba. Tumetia maji kwenye chupa ya kusafishia vioo. Ngao ni vifuniko vya masufuria. Mpishi amenuna, chakula cha mahabusu kinaiva wazi na inzi wanaonja kwanza. Virungu ni vipande vya bomba la maji. Afande alitaka vivikwe sponji nisivunjike kabla ya siku yenyewe. Sponji hakuna. Nikatoa godoro langu, likakatwa nusu, nusu nyingine ikawekwa stoo kuwa akiba. Afande akanipiga bega, akasema mimi sasa ni mtu wa kituo. Usiku nikajilaza juu ya saruji, nikairudia kauli hiyo mpaka usingizi ukaja.

Mpango ni mwepesi. Kwanza wananituliza kwa maneno. Mimi nakataa. Ndipo zinakuja ngao, kisha virungu, kisha chupa. Kazi yangu ni moja tu, nisisikie maneno. Nimefanya vibarua miaka mingi. Kutosikia maneno ndiyo fani yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu amepiga simu. Anaagana na watu. Anafika Jumapili. Aliuliza upana wa dirisha, anashona pazia. Nikaenda kulipima kwa shubiri, nikarudi kumwambia. Mama mkwe akachukua simu, akaniita mwanangu. Hajawahi. Nimeogopa kuliko ile pilipili.

Wa kunituliza kesho ni askari wa kike, mgeni hapa kituoni. Ana karatasi ya mafunzo, anazunguka nayo uwanjani akinong'ona peke yake. Nilimcheka. Nikamwambia dada, usijichoshe, mimi ni jiwe. Akasema tutaonana kesho, kaka.

Jumanne, 12 Machi

Nimeharibu.

Wageni walikuwa wawili, mama mwenye kofia pana na bwana mmoja anayeandika kila kitu. Funguo aliwapokea, koti limepigwa pasi, funguo zote zimesuguliwa. Aliwatembeza ndani ya stoo kama kwake.

Mimi nilianza vizuri. Nilishika tofali nililochagua mwenyewe. Nilitukana kituo, nikatukana mji, nikaapa kuichoma stoo. Sauti ilitoka kwenye kisigino. Hata Afande alirudi nyuma hatua.

Yule dada akaja bila ngao, mikono wazi. Akasema kaka, naona umechoka. Nikamtukana. Akasema sawa, tukana, mimi nipo. Nikamtukana tena, lakini pumzi ilikuwa imepungua. Akasogea kidogo, akaniuliza, "Umekula, kaka yangu?"

Katika mji huu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nimeulizwa kama nimemaliza. Nimeulizwa nani kaiba koleo. Nilifungua mdomo nimjibu ovyo, ikatoka sauti nisiyoijua. Tofali likaanguka. Nikakaa vumbini nikalia, na makamasi juu yake. Nikamwambia sijala. Nikamwambia nalala juu ya saruji, mke wangu yuko njiani na chumba sina.

Askari walibaki wamesimama na vifuniko vyao mkononi, hawana wa kumpiga. Mwenye chupa alimwagilia ua la karibu. Mama wa kofia alifuta macho. Yule bwana aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, Funguo akamwazima yake. Afande alinitazama kama mtu ambaye mdomo umemshinda na anatafuta kile kingine.

Alhamisi, 14 Machi

Jibu limekuja. Wafadhili wanasema kituo chetu kina kipaji cha kutuliza watu kwa maneno, kwa hiyo hakihitaji vifaa. Ngao na pilipili zinakwenda kituo cha mji jirani. Kule mfanya fujo wao alipigwa mpaka akatoroka kweli, na bado hajaonekana. Sisi tumepewa mafunzo tu. Stoo itageuzwa darasa. Darasa litahitaji mtunzaji, na wageni wamependekeza yule mzee nadhifu aliyewapokea, mwenye funguo.

Funguo alinifuata kunishukuru. Alinishika mkono kabisa. Alisema bila ushauri wangu kuhusu pilipili, angekuwa yeye pale vumbini. Kisha akauliza hali ya binamu yangu, macho yake yanaendeleaje. Nikasema anaona vizuri siku hizi.

Afande akaniita ofisini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliuliza machimboni wakigoma tena, amtangulize nani mbele ya kundi lote lile, dada mmoja na swali lake? Na dada akishindwa, anajua mimi najua kinachofuata. Nilimfikiria yule muuza soksi. Akasema nipake darasa chokaa, kisha nitafute pengine.

Nilipotoka nikamwendea yule dada. Nilitaka angalau kumwambia asante. Alikuwa jikoni anakula. Akasema usijali, kaka, lile swali liko kwenye karatasi, la tatu kutoka juu. La nne linahusu watoto, hakulifikia. Alisema ni mara ya kwanza limefanya kazi.

Aliendelea kula. Hakunikaribisha.

Jumamosi, 16 Machi

Napaka chokaa. Ukuta wa darasa nimemaliza, nimebakiza chumba cha nyuma. Funguo amekwisha kuhamia. Ametundika koti kwenye msumari nilioupigilia mimi, kwa ajili ya kanga za mke wangu. Nusu ya godoro iliyobaki amelalia yeye. Anasema aliikuta imetupwa.

Mke wangu amepiga simu kutoka njiani. Basi limesimama watu wachimbe dawa. Kitu cha kwanza aliuliza kama nimekula. Nikamwuliza hiyo karatasi kapewa na nani. Akasema karatasi gani, wewe? Nikasema basi, nimekula. Akauliza chumba kikoje. Nikasema kinapakwa rangi. Si uongo. Akasema pazia limetoka zuri, mama yake ndiye aliyelipinda ukingo. Kisha simu ikakatika, au niliikata.

Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Ningeweza kumweleza ukweli akishuka kwenye basi. Watu hufanya hivyo. Lakini kwa nini niende huko kote, wakati nina akili?

Mpango tayari. Kesho asubuhi, kabla basi halijafika, namwendea Funguo. Namvuta pembeni, kwa huruma, kama ndugu. Namwambia chokaa mbichi ukiivuta usingizini huoni mwezi mzima. Safari hii sitasema binamu. Nitasema shemeji. Atabeba koti lake arudi getini, na mchana mimi na mke wangu tunatundika pazia.

Akishupaa, haidhuru. Karatasi ninayo kichwani. Nitamwuliza kama amekula.