Mchungaji Tuliyemlea kwa Nyama na Maombi

Alhamisi, 11 Aprili

Kikao kifupi, habari nzito. Mzee Delmar, mwenyekiti wetu, kasema Jumapili ya tarehe tano Mei tutapiga kura: Kanisa la Imanueli liendelee au lifungwe. Tumebaki waumini kumi na tisa. Mchungaji wetu alistaafu Krismasi. Tukipata mwingine, hakuna kura. Tusipopata, tuzoee kanisa la mjini.

Wifi yangu Lorna akasema kule mjini angalau hita inafanya kazi. Hivyo tu! Kana kwamba kaka yake, Verlyn wangu, hakuzikwa hatua thelathini kutoka mlango ule.

Sikulia. Nina mpango. Miaka miwili sasa tunamsaidia Tobias Wendt, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho seminarini: karo kidogo, nyama ya ng'ombe iliyogandishwa, jemu. Tarehe thelathini wahitimu wataketi kanisani huko seminarini, na kila mmoja atasikia mbele za watu anapelekwa wapi. Wakuu wa kanisa ndio wanaoamua. Hakuna anayechagua, hakuna anayenunua.

Mimi sinunui. Nakumbusha.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemwandikia mkuu wa dayosisi. Kurasa nne! Nimesema Tobias ana sauti ya kufika benchi la mwisho bila kipaza sauti. Hachoki. Anaongea Kihispania. Vijana wanamfuata. Anaweza kujaza kanisa la watu mia tatu. Nikamalizia kwa unyenyekevu kwamba sisi Imanueli tungempokea vivyo hivyo alivyo.

Lorna aliisoma nilipokwenda kutazama pai jikoni. Akacheka mpaka akavua miwani. Wifi, huyu ni mchungaji au fahali wa mnadani? Mbona meno hujayataja? Nikamwambia wivu hautamfikisha popote. Akasema wivu wa nini, mtoto wa watu umemsifia mpaka mimi namwogopa.

Nimeituma bila kubadili neno.

Jumatano, 17 Aprili

Kila mwaka akina mama tunamshonea mwanafunzi wetu blanketi la viraka. Safari hii nimelibeba nyumbani kimyakimya na kushona kanisa letu katikati yake: mnara, kengele, mlango mwekundu. Mtu akijifunika kitu kila usiku lazima kimwingie kichwani. Siyo ushirikina. Nimemuuliza Bwana, hakukataa.

Lorna akaligundua. Akaliangalia sana. Akasema mnara umeinama, hata kwenye kitambaa kanisa linaanguka.

Nimeufumua mnara na kuushona upya. Sindano imenichoma mara tatu.

Jumamosi, 20 Aprili

Safari ya saa saba barabarani, maboksi mawili ya nyama na blanketi nyuma ya gari. Hanna, mke wa Tobias, alinifungulia mlango na tumbo lake la miezi saba. Akanikumbatia. Akaona maboksi. Akakimbilia chooni.

Kumbe tangu apate mimba hawezi hata kuiangalia nyama! Ng'ombe wa Imanueli ameliwa na wanafunzi wa ghorofa nzima. Mmoja mwenye ndevu, mtu wa mabega mapana, alitoka chumbani akaniita mama mlezi, akauliza kama mbavu zimo. Nikatabasamu. Roho iliniuma.

Kisha Tobias akanikalisha. Akasema majira ya baridi ya kwanza walikuwa wameshafunga mizigo warudi kwao. Karo hakuna, Hanna kaachishwa kazi. Siku hiyohiyo likafika boksi letu, na ndani yake barua yenye sahihi za waumini wote, hata ya Verlyn, aliyekuwa bado hai, herufi zake zimepinda. Wakafungua mizigo.

Nikamkabidhi lile blanketi.

Halafu nikaukumbuka mpango. Nikamwomba tuiombee tarehe thelathini. Akanishika mikono, akaomba mapenzi ya Bwana yatimizwe. Kabla hajafika amina nikaongeza: hasa Imanueli, Nebraska. Akacheka macho yamefumbwa. Mama Arlys, akasema, nadhani amesikia.

Jumanne, 30 Aprili

Nilikwenda kwa Lorna, maana intaneti yangu inakwama. Tukakaa mbele ya kompyuta yake kutazama ibada ya seminarini. Jina baada ya jina. Nilikuwa nimevaa gauni la Pasaka.

Tobias Wendt. Houston, Texas.

Watu wakapiga makofi. Hanna akaziba mdomo kwa mkono. Wakaenda kwa jina linalofuata, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikamngoja Lorna aanze kunicheka. Hakuanza. Alizima sauti, akanimiminia kahawa, akanikatia kipande cha keki kikubwa kuliko chake. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi, 2 Mei

Nimempigia mkuu wa dayosisi. Mtu mpole sana, ningefurahi angekuwa mkali. Akasema, dada Arlys, barua yako ilitusaidia mno. Mwanzoni jina la Tobias lilikuwa limewekwa kwenu na kwa kanisa la mjini, mchungaji mmoja makanisa mawili. Ndipo ikaja barua. Houston wamengoja miaka mingi mtu mwenye sauti, Kihispania na nguvu za kubeba watu mia tatu. Wakuu waliisoma kwa sauti kikaoni, wote wakakubaliana.

Kwenu, akasema, tulihitaji kujua tu kama anaweza kukaa na wazee kumi na tisa. Hilo hakuna aliyeliandika.

Nikamshukuru. Nikaketi sakafuni jikoni.

Jioni nikamwambia Lorna yote, nikijua atanicheka hadi Krismasi. Hakucheka. Halafu akasema, basi wifi, kijana umemtendea wema. Wewe mwenyewe ndiwe uliyejinyima.

Jumapili, 5 Mei

Kumi na wanne lifungwe, watano liendelee. Mzee Delmar alisoma matokeo, akabaki amesimama, kama aliyesahau namna ya kukaa.

Nikanyoosha mkono. Sikuwa nimepanga chochote, naapa. Nikasema jengo na kiwanja viuzwe, makaburi yabaki, na chote kitakachopatikana kiwasomeshe wanafunzi wa seminari, mwaka hadi mwaka, kwa jina la Imanueli. Tusiwe na kanisa, lakini tuwe na wachungaji.

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Lorna. Kisha mikono yote kumi na tisa. Tukaimba, na hakuna aliyemaliza ubeti.

Baadaye nilitoka nikaenda kwa Verlyn. Nikamwambia, mume wangu, safari hii nimetoa na sijataka kitu.

Jumanne, 7 Mei

Kwa mwanasheria mjini. Mimi, Mzee Delmar na Lorna. Fomu yenyewe ukurasa mmoja tu, safi, wa kupendeza. Akauliza kama zawadi yetu ina masharti. Delmar akasema hakuna. Lorna akasema hakuna.

Nikasema hakuna kabisa, ila dogo moja: mwanafunzi awe mtu wa mashambani. Na apende makanisa madogo. Na asiwe na sauti kubwa mno. Na akihitimu aombe kupelekwa wilaya hii. Na asiishi zaidi ya dakika ishirini kutoka kwangu kwa gari, maana barafu ya huku haina mchezo.

Delmar akafumba macho. Lorna akasema, wifi, jamani.

Mwanasheria akauliza kwa adabu kama nimefika mwisho, akainuka kutafuta karatasi nyingine. Nikamwambia alete mbili.