Kioo cha Mara Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Profesa ametuita ofisini, mimi na Mara Tatu. Ijumaa wanakuja wageni wa kiwanda cha madirisha. Wanataka kioo kinachopitisha umeme huku kikionyesha ng'ambo kama kawaida, ili dirisha lijipashe joto na ukungu utoke wenyewe. Atakayetoa kioo bora ndiye msimamizi mpya wa maabara. Ofisi yenye mlango! Miaka sita nimekaa karibu na sinki, narushiwa maji.

Mara Tatu tunamwita hivyo kwa sababu hupima kila kitu mara tatu. Mimi hupima mara moja, tena nikiwa na hakika nitalipenda jibu.

Jumanne, 5 Machi

Kazi yenyewe ni kupaka kioo utando wa oksidi ya zinki yenye aluminiamu kidogo, mwembamba kuliko unywele mara mia. Ukizidi unene, umeme unapita lakini kioo kinafifia. Ukizidi wembamba, mwanga unapita na umeme unagoma. Cha asubuhi kimetoka kama kimepakwa majivu. Cha mchana safi kabisa: nimeweka gazeti nyuma yake nikasoma mpaka matangazo ya vifo. Umeme? Mita haikutikisika.

Sikuandika chochote kwenye daftari la maabara. Mara Tatu asije akanakili.

Chake kimekubali yote mawili, mwanga na umeme. Kakipima mara tatu, wala hakutabasamu. Maringo hayo.

Jumatano, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mara Tatu alipokwenda kula nilikitoa kioo chake kwenye kisanduku, nikaweka kile changu cha mchana. Ukiviangalia, mapacha! Chake nimekuja nacho nyumbani, nikakificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Ijumaa nitakionyesha kama changu. Chakula hakipiti kwa furaha. Mke wangu kauliza nina nini. Nikamwambia sayansi.

Alhamisi, 7 Machi

Mara Tatu hajagundua kitu. Asubuhi kakitia kioo kwenye tanuri lisilo na hewa, saa nzima, desturi yake kabla ya kuonyesha kazi. Mimi tanuri silijui. Nani ana saa nzima? Kisha akapima. Akakunja uso. Akapima tena, na tena, na mara ya nne! Mchana kutwa alikuwa akipekua daftari lake. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Nimemkuta mama mkwe, kaja kututembelea na kasafisha kabati zima. Akaniambia, "Baba, kulikuwa na kioo kina rangirangi kama kimemwagikiwa mafuta. Nimekisugua kwa ndimu mpaka kikatakata."

Nimemshukuru sana. Kinang'aa kuliko kilivyokuja. Sikukipima. Kitu kilichopimwa na Mara Tatu kinapimwa tena cha nini?

Ijumaa, 8 Machi

Wageni watatu, suti tatu. Profesa akaunganisha taa ndogo ili umeme upitie kwenye kioo. Changu kwanza. Giza. Akakigeuza, akabana nyaya upya. Giza. Akakinusa, akauliza kwa upole mbona kinanukia ndimu, maana ndimu huuyeyusha utando huu wote. Nikasema ni sabuni mpya.

Kikaja cha Mara Tatu. Taa ikawaka pwaa, na mgeni mmoja akasoma gazeti kupitia kioo kilekile. Makofi. Ndipo Mara Tatu akanyoosha mkono.

"Profesa, hiki si changu. Unene haulingani na daftari langu, na kinapitisha umeme mara mbili ya changu. Nadhani kilikuwa kizuri tangu mwanzo, kikakosa moto tu." Akanigeukia. "Kaka, si ndicho ulichopaka Jumanne?"

Macho yote kwangu. Nikikubali, wataniuliza kilifikaje kwenye kisanduku chake. Nikaruka futi mia. Nikaapa kwamba kioo kile sijapata kukiona tangu nizaliwe.

Mara Tatu akaandika kitu kwenye daftari lake. "Basi, pole," akasema.

Jumatatu, 11 Machi

Mara Tatu ndiye msimamizi. Wageni wameagiza vioo ishirini kama kile. Leo kanifuata peke yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua ni changu, na nikimweleza nilivyokipaka ataandika jina langu juu ya lake kwenye ripoti. Nikafungua daftari. Jumanne iko tupu. Joto nililotumia silikumbuki, aluminiamu niliikadiria kwa jicho. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria kweli, tena kwa uaminifu, na mahali nilipokosea nimepaona. Niliiba kioo kimoja tu. Anavyo vingine kumi na viwili, vinapoa sasa hivi, naye ana kikao mpaka saa kumi.