Mapendeleo ya Watoto Yazinduliwa Mwabungo

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ni mimi mwenyewe, Bwana Chifu, Bwana Naibu wa Chifu, Mzee wa Mtaa, na Mzee wa Mtaa aliyestaafu lakini bado anakuja, maustadhi wetu, wenye hoteli, wavuvi, akina mama wa kikundi cha mikeka, mabibi na mabwana, assalamu alaikum! (Waalaikumu salaam.) Sikusikia! (Waalaikumu salaam!) Naitwa Mhandisi Daktari Mramba Chande, Mratibu Mwandamizi wa Mapendeleo ya Watoto, na kama yupo niliyemsahau, ajihesabu ametajwa.

Mimi ni mtu wa maneno machache. (Kicheko.) Nimekuja hapa Mwabungo kuzindua, kutekeleza na wakati huohuo kusherehekea mafanikio ya Mradi wa Kuratibu, Kusajili na Kuoanisha Mapendeleo ya Watoto Wanaosomea Nyumbani, mradi ambao, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mimi na kuthibitishwa na mimi, umewafikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya watoto wote kutoka hapa hadi Lunga Lunga. (Makofi ya Bwana Chifu.)

Bi Mwanatumu Alfani, hebu simama mama tukuone. (Anasimama, na binti yake kando yake.) Mama huyu anamsomesha mwanawe nyumbani, na silabasi yake, kwa mujibu wa ripoti niliyosomewa garini, ni kile mtoto anachokipenda. Basi! Yusra ana miaka tisa na anapenda pweza. Anajua pango la pweza kwa makombe ya chaza yaliyotupwa mlangoni, amechora ramani ya mwamba mzima, hesabu anajifunza kwa mikono minane, na amejaza daftari tatu kwa mwandiko ambao, nakiri, unaupita wangu. (Makofi marefu.) Msipige makofi bado. Hilo ndilo tatizo lenyewe!

Mtoto akiachiwa apende kiholela, sisi tutapanga nini? Kuanzia sasa kila mtoto atajaza fomu ya kurasa kumi na moja, nakala tatu, akieleza anapenda nini, tangu lini, na nani alimruhusu, kisha apeleke kwa Chifu ipigwe muhuri. Anayetaka kubadilisha pendeleo atatoa notisi ya siku tisini. (Sauti ya mtoto: "Na nikichoka leo?") Utachoka kwa utaratibu, mwanangu.

Kuhusu pweza, wataalamu wangu wamejifungia hotelini Diani siku tisa wakifanya benchmarking, yaani kujilinganisha na wengine, wakatoka na framework moja safi sana: pweza atasomwa kila Jumatatu, saa nne hadi saa tano asubuhi, muhula mzima. (Wavuvi wanacheka. Sauti ya mzee: "Mheshimiwa, Jumatatu ijayo saa nne maji yamejaa, mwamba hauonekani!") Nani huyo? Ah, Mzee Mbwana, shikamoo mzee wangu. (Marahaba.) Hoja yako nimeipokea. Nitaiandikia idara inayohusika, maji yapwe saa nne. (Kicheko kikubwa.) Mnacheka kwa sababu mmezoea bahari isiyo na usimamizi. Hiyo bamvua yenu inayokuja na kuondoka itakavyo, ilipitishwa na kikao gani?

Kwa hivyo, kwa mamlaka niliyopewa na Mradi huu, naagiza masomo ya nyumbani kwa Bi Mwanatumu yasimame leo hii, Yusra asikanyage mwambani, na daftari zake zichukuliwe hadi pendeleo lake liidhinishwe. (Yusra anazikumbatia daftari. Mama yake, akifuta machozi: "Mheshimiwa, kwa heshima zote, mwanangu alikaa shule miaka miwili hasemi neno. Ni kwa huyu pweza ndipo alipofunguka. Nakuomba, usimnyamazishe tena.") Mama, umesema vizuri, na machozi yako yameingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Serikali ina moyo. Ni vile tu haukuja na msafara wa leo.

Nikimalizia, tuseme pamoja. Mapendeleo! (Yaratibiwe, anajibu Chifu.) Mtoto huru! (Kwa kibali!) Pweza! (Jumatatu!)

Nawashukuru stakeholders wote. Namshukuru Chifu kwa hema, na zaidi Bi Mwanatumu kwa kutuazima mtoto wa kupiga naye picha za ripoti yetu ya mwaka wa tatu, maana Mradi wenyewe haujapitishwa, hauna afisi, hauna mfanyakazi, na fomu hazijachapishwa. Picha zikitoka vizuri ndipo tutaomba uanzishwe. (Bi Mwanatumu: "Samahani mheshimiwa. Mradi haupo?") Kwa sasa haupo, mama. ("Basi hiyo amri ya kutusimamisha umepewa na nani?") Nimepewa na... (Anageuza karatasi, anatazama upande wa pili.) Swali zuri sana hilo. Utajibiwa kwa maandishi. ("Yusra, twende zetu mwanangu." Mtoto anatoka mbio kuelekea mwambani, watoto wote wa hemani nyuma yake, kisha akina mama, kisha wavuvi na Mzee Mbwana, na mwisho kabisa Bwana Chifu, viatu mkononi.)

Asanteni kwa kuhudhuria kwa wingi na kubaki hadi mwisho. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa hapa.