Kompyuta Iliyomwita Mkwe Wangu Kijana

Jamani, leo sina pa kuuficha uso. Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi kutoka Chemba, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi, na badala ya kwenda kuoga nimeingia kafe ya intaneti hapa Makole niwaandikie kabla aibu haijapoa. Kucheka ni marufuku (najua mmeshaanza).

Wengi wenu mnamjua Mwanaidi wangu. Mnajua pia kwamba Jumamosi hii washenga wanapeleka barua ya posa kwa baba yake, Mzee Issa. Msichojua ni kwamba Mzee Issa ndiye mkuu wa ofisi ya mifugo kule Chemba, na kwamba siku nilipojitambulisha aliniuliza, "Unafanya kazi gani?"

Nikasema, "Kompyuta, mzee."

Akasema, "Hicho ni kifaa. Nimekuuliza kazi."

Ilinichoma! Nikaamua kumwandikia programu ya ofisi yake, ajionee mwenyewe. Daftari la chanjo za ng'ombe: jina la mfugaji, idadi ya ng'ombe, tarehe ya chanjo. Unabonyeza, orodha inatoka. Niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, wiki tatu sikupumzika, na ikatoka nzuri, jamani! Nzuri hadi nikawa naifungua bila kazi, niitazame tu.

Shida ikawa kuihamisha. Niliipeleka kwa binamu yangu anayekaa Miyuji kuijaribu, ikagoma kufunguka. Kompyuta yake haikuwa na Python hata chembe. Sasa Chemba ningekwenda kufanya nini, kupakia vitu kumi na viwili kimoja kimoja mbele ya baba mkwe? Ndipo nikaigundua njia ya kufungasha. Programu inabeba Python yake, picha zake, sauti zake, kila kitu, kama mtu anayehama na godoro lake na kuku wake. Kompyuta mwenyeji haiombwi hata chumvi! Nikaichoma kwenye CD. Kwa binamu, ikafunguka! Hapa kafe, ikafunguka! Nilimkumbatia mhudumu (amenisamehe, lakini siku hizi ananipa kompyuta ya mbali).

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini Mwanaidi alipoiona akasema, "Nzuri. Ila Baba hapendi kitu kinachoanza kazi bila kusalimia."

Basi nikaifundisha adabu. Ukiingia inakuuliza jina na mwaka uliozaliwa, inapiga hesabu ya umri wako kwa tarehe ya leo, kisha inakusalimia unavyostahili. Kwa sauti! Sauti yangu mwenyewe, niliirekodi nimesimama wima. Miaka arobaini kwenda juu: "Shikamoo! Karibu kazini." Chini ya arobaini, kwa ajili ya wale vijana wa ofisini ambao Mwanaidi anasema wana tabia ya kutoweka: "Oya, kijana! Mambo vipi? Leo usitoroke kwenda kunywa chai, mzee anakuona!" Na chini ya kumi na nane, kwa watoto wa wafanyakazi wanaopita kuchezea mashine wakitoka shule: "Marahaba! Mtoto, toka hapo. Kamwite mkubwa." Halafu inajifunga.

(Nilicheka peke yangu chumbani. Likumbukeni hilo.)

Leo asubuhi nikafika Chemba. Kompyuta ya ofisi ni moja tu, ililetwa na mradi fulani, na inakaa chini ya kitambaa cha kufuma. Mzee Issa akaagiza jenereta liwashwe. Nikamwamkia, akaitikia kwa mbali. Wafanyakazi wote wakajazana chumbani. Dirishani wakasimama wafugaji waliokuja kuulizia chanjo, na mbele yao Mzee Juma, ambaye alipita jando pamoja na Mzee Issa na kwa hiyo ana ruhusa ya kumwambia lolote.

Nikaingiza CD. Nikabonyeza. Dakika mbili, programu imekaa! Haikuuliza swali, haikuomba kitu! Mzee Issa akakuna kidevu kama mtu anayeanza kubadili mawazo.

"Mama Suzi, anza wewe," akasema.

Mama Suzi ni karani wa ofisi. Ana watoto wanne na funguo za makabati yote. Akakaa, akaandika jina, akaandika 1966.

Spika zikanguruma: "Marahaba! Mtoto, toka hapo. Kamwite mkubwa."

Programu ikajifunga.

"Nani mtoto?" akauliza Mama Suzi.

Nami, badala ya kufikiri, nikatamka maneno nitakayojutia hadi uzeeni: "Mama, labda umekosea mwaka."

"Mimi? Nikosee mwaka niliozaliwa?"

Mzee Issa akaingilia. "Mama Suzi, nipishe. Ameitwa mkubwa, mkubwa nimekuja."

Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akakaa nacho vilevile. Kwa kidole kimoja cha mkono wa pili akaandika jina lake, herufi baada ya herufi, kisha 1948. Mimi nilikuwa nimeshatabasamu, nasubiri Shikamoo yangu itoke.

"Oya, kijana! Mambo vipi? Leo usitoroke kwenda kunywa chai, mzee anakuona!"

Sauti yangu, jamani! Ileile iliyomwamkia nusu saa kabla! Nilitamani jenereta lizimike. Halikuzimika. Mzee Issa akakitazama kikombe chake. Akanitazama mimi. Na pale dirishani Mzee Juma akapaza sauti:

"Kijana Issa! Weka chai chini, mzee anakuona!"

Dirisha lote likaangua kicheko. Mama Suzi alicheka hadi akashika kabati (angalau yeye tumeshapatana). Mimi nimesimama, natafuta kosa kwenye kioo cha kompyuta. Nikaliona kule pembeni chini, kwenye tarehe. Tarehe mosi Januari, 1980.

Kile kibetri kidogo cha ndani, kinachotunza saa mashine ikiwa imezimwa, kilikuwa kimekufa! Kila jenereta likizimwa, kompyuta ile inasahau miaka yote na kuanza upya. Nami nilikuwa nimefungasha kila kitu duniani isipokuwa saa. Saa niliitegemea kwa mwenyeji.

Nikamweleza Mzee Issa. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lililonitisha zaidi.

"Kwa hiyo mashine inadhani huu ni mwaka themanini."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nina miaka thelathini na miwili."

"Kwa mashine, ndiyo, mzee."

"Mwanaidi amezaliwa sabini na tisa. Ana miaka mingapi?"

Nilishaona ninakopelekwa, lakini ningesema nini?

"Mwaka mmoja, mzee."

"Na wewe Jumamosi unaniletea washenga." Akanywa funda la chai, taratibu. "Waambie wasubiri akue."

Hapo hata wale waliokuwa wamejizuia wakashindwa. Mzee Juma alikaa chini kabisa, simwoni tena dirishani, namsikia tu. Mzee Issa peke yake hakucheka, na hadi dakika hiyo sikujua kama ule ni utani au ndiyo jibu la posa yangu.

Nikarekebisha tarehe kwa mkono. Mzee akakaa tena, akaandika 1948.

"Shikamoo! Karibu kazini."

"Marahaba," akaijibu. Aliijibu kompyuta! Kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata! Kisha akaanza kuingiza ng'ombe. Wa Mzee Juma wakaingia, wa jirani yake wakaingia, orodha ikatoka, akabonyeza tena ili itoke tena. Mama Suzi akaomba zamu, akanyimwa. Saa nzima! Nilisahau aibu yote, nikawa nashangilia kila ng'ombe anayeingia.

Wakati wa kuondoka nikamsogelea. "Shikamoo, mzee."

"Hiyo nimeshaitikia," akasema, macho bado kwenye kioo. "Niambie, jenereta likizimwa, hii itaniita kijana tena?"

"Ndiyo, mzee. Mpaka kibetri kibadilishwe."

"Basi washenga wako Jumamosi waje nacho. Barua isiyo na kibetri sipokei."

Ndiyo hali yangu, jamani. Bahasha nzuri ninayo, washenga wameshapiga pasi kanzu, na kinachosubiriwa ni kibetri cha ukubwa wa kifungo cha shati, ambacho maduka mawili niliyopita nikitoka stendi hawakijui. Mwenye kompyuta mbovu nyumbani aifungue anitolee. Cheka ukipenda, lakini cheka huku unafungua.