Yah: Programu ya Kuchora Nyumba Iliyoniondolea Mke

Kwako Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta ofisini ukiwa mzima, na kwamba asubuhi uliingia kwa mlango kama watu wengine. Mimi ni baba wa yule binti wa kidato cha tatu anayekaa dawati la mbele, na kazi yangu ni fundi mwashi. Mtaani naitwa Timazi, kwa sababu kuta zangu zimenyooka. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimekasirika: tangu shule yenu ilete ile programu ya kuchora nyumba, mke wangu kahamia kwa dada yangu. Naomba iondolewe. Sababu ni hizi.

1. Bei. Zamani programu hii ilikuwa ghali, inakaa kwenye maofisi yenye viyoyozi huko, inasumbua matajiri. Sisi tulikuwa na amani. Mteja akitaka nyumba, namchorea chini kwa kijiti, anasimama ndani ya mistari, anasema sebule inatosha, usiku mvua inanyesha, mistari inafutika, na kesho yake hakuna wa kunibishia. Sasa mmepata toleo la wanafunzi kwa bei ya kutupa, na kila mtoto anajua dirisha linatakiwa kuwa wapi. Mwenye nyumba alikuwa akigundua kosa ameshahamia na ameshalizoea. Siku hizi analiona kabla sijalifanya. Huo ni uonevu.

2. Maandishi. Kila karatasi inayotoka kwenye toleo hilo imekatizwa mshazari na maneno makubwa: KWA MASOMO TU. Binti yangu alimchorea shangazi yake ukuta wa mbele. Mimi ramani naiheshimu, kilichochorwa nakijenga. Nilihangaika na zile herufi za saruji, hasa hiyo S, mpaka mgongo ukagoma. Jumatatu dada yangu kufungua mlango, anakuta foleni ya wazazi na watoto walioogeshwa vizuri, wanaulizia nafasi.

3. Yule mtu mdogo. Hapa ndipo penye kidonda. Mliwaagiza wanafunzi wapime nyumba zao wazichore. Siku ya wazazi, mbele ya umati, binti yangu akamtembeza yule mtu mdogo wa kwenye kompyuta ndani ya mchoro wa nyumba yetu. Akapita sebuleni, akachungulia jikoni, akaingia mpaka chooni. Kufika chumba chetu cha kulala, akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga tena. Hana hata akili ya kupitia dirishani, kama tulivyopita sisi tangu tuoane.

Miaka yote nilimweleza mke wangu kwamba chumba kisicho na mlango ni usalama, mwizi hapati pa kuingilia. Akanitazama mbele za watu, akasema taratibu, "Kumbe ulisahau."

Mwalimu, maneno mawili tu. Angegomba, ningejua pa kuanzia. Alipanda dirishani akachukua nguo zake, akaenda zake. Nimemkosa sana. Nalala sebuleni, maana lile dirisha bila mtu wa kunivuta kwa ndani siliwezi.

Kwa hiyo naomba bei ipandishwe mpaka shule zote zishindwe. Ikishindikana, wanafunzi wachore mabanda ya kuku tu. Hilo nalo likishindikana, basi yule mtu mdogo afundishwe kupanda madirisha, maana kasoro ni yake.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini. Mwalimu wa kompyuta msalimie kwa mbali.

Ni mimi mzazi wako mwenye uchungu,
Fundi Timazi

Tanbihi: Bahasha ilichelewa kutumwa. Katikati hapo binti yangu amechora mlango wa chumba chetu, upande wa jikoni, na yule mtu mdogo akaingia bila kugonga ukuta. Nikatoboa hapo hapo alipopita. Maandishi safari hii sikuyajenga. Hivyo yote niliyosema huko juu yafute, programu ibaki, na kama bei inaweza kushuka tena, ishuke. Dada yangu amechoka kuwafukuza wale watoto, sasa anawafundisha, naye anaulizia hilo hilo toleo la wanafunzi. Mke wangu alirudi jana. Tangu asubuhi anapita mlango ule kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, wala hana anachochukua.