Pointi za Kumfikia Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi
Kadi ya mkopo imefika! Ya bluu, jina langu limeng'aa juu yake. Marehemu mke wangu angeinusa kwanza. Kila kipya alikinusa, hata sabuni ya kufulia.

Binti yetu amejifungua huko mbali aliko. Mtoto wa kike, amempa jina la marehemu mama yake. Bado sijambeba. Na shemeji, kaka wa marehemu, ametamba mbele ya maseremala wenzangu kwamba yeye hupanda ndege bure kwa pointi anazopata kila anaponunua kitu kwa kadi, sisi tutaendelea kula vumbi. Tutaona! Nitashuka ndegeni nimevaa suti.

Dada wa benki amenishauri ninunue tu kile ambacho ningenunua hata bila kadi, na nilipe chote kila mwisho wa mwezi, la sivyo riba itanitafuna. Nimeitikia kwa kichwa kama mjusi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga hesabu. Kwa chumvi, sukari na dawa yangu ya mgongo, tiketi itapatikana mjukuu akiwa darasa la sita. Haiwezekani! Nahitaji manunuzi ya watu wengine.

Jumatano, 5 Machi
Mpango kabambe. Nimesimama kwenye foleni ya dukani. Nawalipia watu kwa kadi, wananipa taslimu, pointi zinabaki kwangu. Nani anaumia?

Mama wa kwanza kanikata jicho: "Baba, mimi nina mume. Tena mkali!" Mzee aliyefuata alidhani natoa sadaka. Kauliza hali ya mke wangu, nikasema ametangulia. Akanishika mkono, akamwombea pepo, akaondoka na unga wake. Ningemdaije? Dua ilikuwa nzuri. Mlinzi kaniomba nikapunge hewa nje.

Ijumaa, 7 Machi
Heri majirani kuliko wapita njia. Fundi friji wa ghorofa ya juu kanunua televisheni kwa kadi yangu. Kubwa kama mlango! Atanilipa mwisho wa mwezi. Mwezi gani, hakusema, nami niliona haya kuuliza.

Nimenunua pia viatu vya mjukuu, pea tatu. Duka la watoto lilikuwa linatoa pointi maradufu. Najua mtoto ana miguu miwili.

Jumatatu, 31 Machi
Pointi zimetimia! Nimecheza peke yangu jikoni, kisha nikazima taa nilipotoka, maana marehemu hakupenda taa iwakie ukuta.

Nikaenda benki. Dada yule kaniambia taratibu kwamba pointi zimefungwa mpaka deni liishe. Nikakimbilia kwa fundi friji. Nilipobisha hodi, akaongeza sauti ya televisheni. Nimechungulia dirishani. Picha safi sana.

Shemeji kacheka hadi akapaliwa. Eti nimeuza ng'ombe ili ninunue kamba ya kumfungia.

Jumatano, 2 Aprili
Binti kapiga simu. "Baba, ndege ya nini? Si kuna basi kila asubuhi?" Nauli ya basi ni ndogo kuliko ada ya mwaka ya kadi. Nikasingizia mtandao unakatika.

Nyuma yake mtoto akalia. Sauti kali, ya mtu anayedai haki yake. Bibi yake kabisa! Ilibidi nikae kitini.

Binti ametuma nauli, kaniapisha nisiiguse kwa jambo lingine. Kesho nasafiri. Nimeshapiga suti pasi.

Alhamisi, 3 Aprili
Sikusafiri. Lakini nina sababu!

Mlangoni mwa kituo cha mabasi, benki nyingine imeweka meza na mwavuli. Kijana mwenye tai kaniamkia kwa adabu, kaniita mzee wangu, kanipa kiti. Kadi yao inatoa pointi mara tatu kwa safari, hata ya basi! Ada ya kujiunga ilikuwa sawasawa kabisa na nauli niliyoshika. Kama hiyo si ishara, ishara ni nini? Kadi itatoka baada ya wiki mbili.

Nimempigia binti kumweleza. Kamwekea mtoto simu sikioni. Basi nikamfafanulia mjukuu pole pole: babu akisubiri kidogo tu, safari ya pili itakuwa nusu bei. Akaangua kilio.

Mdogo bado. Hajaelewa mambo ya pointi.