Mtungi wa Bahari kwa Mama Mkwe

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimerudi Gatitu kutoka kwa mama mkwe huko Chaka, nimeoga mara mbili, na bado mke wangu Wangari anacheka jikoni huku ameshikilia meza.

Wiki iliyopita sisi wenye maduka tulikwenda Mombasa kutembea. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona bahari. Na mnajua desturi yetu watu wa mlimani: ukienda Mombasa huwezi kurudi mikono mitupu, unaleta maji ya chumvi. Wazee waonje, wenye kuumwa miguu wajipake. Mama mkwe anaumwa magoti, anatembea na fimbo. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Tangu nimwoe binti yake, Mama hajawahi kuniita jina lolote. Mimi ni "huyu wa Gatitu". Huuliza, "Huyu wa Gatitu amekula?" na mimi nimekaa mbele yake na sahani.

Basi tukafika ufukweni. Watu wamejazana upande mmoja, wanakanyagana. Upande wa pili hakuna hata mtu mmoja. Pametulia, na maji yana uvuguvugu mzuri. Sisi watu wa Nyeri tukiona ploti tupu hatuulizi maswali (tunazungusha ua kwanza). Palikuwa hata na ubao wa kutundikia shati. Nikaoga, nikapigwa picha, nikajaza mtungi wa lita ishirini. Ndani ya basi watu walilalamika harufu. Nikawaeleza kwamba hivyo ndivyo bahari inavyonuka, na wakanyamaza, maana nani angebisha?

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi. Mama alikuwa amewaita akina mama wawili wa kanisani, kila mmoja na chupa yake ya kugawiwa. Niliingia na mtungi begani kama bwana harusi.

Mnaijua baridi ya Chaka. Mama akasema hawezi kutia miguu kwa maji baridi. Wangari akayabandika jikoni yakapata moto (ndiyo, tuliyapasha moto). Mvuke ukaanza kutambaa sebuleni. Mama mmoja akajiziba pua na leso.

"Ndiyo bahari hiyo," nikamwambia. "Ukizoea hutasikia."

Mwenzake alikuwa jasiri zaidi. Akachovya kidole, akaonja.

"Ati hii ndiyo chumvi?" akasema. "Mbona kidogo hivi?"

Mama mkwe akatia miguu kwenye karai, akawa anateka kwa kiganja na kujimwagia magotini. Akafumba macho.

"Inaingia," akasema. "Nasikia ikiingia mpaka kwa mfupa."

Hapo moyo wangu ulijaa furaha, siwafichi. Nikamwomba shemeji yangu Kamau aunganishe simu yangu na runinga, ili Mama aone mahali maji yake yalikotoka. (Hakuna aliyeniomba. Ni mimi mwenyewe.)

Picha ya kwanza, mimi kifua wazi. Kuonyesha kifua mbele ya mama mkwe, kwetu hiyo peke yake ni faini ya mbuzi. Lakini alitazama tu. Picha ya pili, mimi majini, nimepanua mikono.

"Mbona wale watu wengine wako kule mbali?" Mama akauliza.

"Walichelewa, Mama. Mimi niliwahi."

"Na hiyo paipu kubwa iko nyuma yako?"

"Huo ni mto, Mama. Unaingia baharini."

"Mto inapitia kwa paipu?"

Nikamkonyeza Kamau azime. Kamau naye, badala ya kuzima, akasogeza picha ya tatu. Hapo nimeshaoga, navaa shati. Na kwa kuwa nilikuwa nimelitoa shati ubaoni, maandishi yote yalionekana. Kamau akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma matangazo ya kanisa.

"Hatari. Maji taka. Usiogelee hapa."

Tukatazama runinga. Tukatazama karai. Kisha Mama mkwe akaruka. Aliruka kutoka kwenye kochi, akapita mlangoni, akavuka uwanja mpaka mferejini, na fimbo yake ikabaki imeegemea ukuta. Nyuma yake alikimbia yule mama aliyeonja, akitema mate katikati ya sukuma wiki.

"Baba Njeri, hukuona huo ubao?" Wangari akaniuliza.

"Nilitundikia shati."

"Ulidhani ni wa nini?"

"Wa mashati."

Nikatoka kwenda kuomba msamaha, magoti yangu sasa ndiyo yanauma. Mama alikuwa anajisugua kwa sabuni ya mche. Akanitazama, sabuni mkononi. Nikajua kwamba jina la "huyu wa Gatitu" nitalikumbuka kwa hamu. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika tangi la maji.

"Mimi nimefagia zizi maisha yangu yote," akasema. "Lakini choo ya Mombasa yote, ati ibebwe mpaka Chaka, ipashwe moto, niwekewe kwa miguu!" Akapangusa machozi kwa kiwiko. "Na wanamwaga hiyo kitu mahali watoto wanaoga? Hao watu hawana aibu?"

Halafu yule mama mwenye leso akasema polepole, "Lakini umekuja hapa bila fimbo."

Sote tukamtazama miguu. Naye akajitazama. Akatembea mpaka kwenye banda la ng'ombe, akageuka, akarudi.

Kwa mara ya kwanza tangu nioe, Mama amenisindikiza mpaka langoni. Amenisindikiza kwa miguu yake, bila fimbo, akicheka njia nzima.

"Nenda salama, mwanangu," akasema.

Mwanangu! Nikanyoosha mkono kumuaga. Akarudisha wake nyuma.

"Hapana, mwanangu. Kwanza unawe."